Ukitangulia wewe, mbwa wako abaki na nani?

Wengi wetu wenye mbwa hupanga maisha kwa kudhani kwamba sisi ndio tutakaomzika yeye. Mara nyingi ndivyo inavyokuwa. Mbwa wa mwili mkubwa kama Great Dane ni nadra kuvuka miaka 10, na mdogo kama Chihuahua akitunzwa vizuri anaweza kupita 15, kwa hiyo mtu wa miaka 30 hana sababu kubwa ya kukosa usingizi. Ila hesabu hiyo haimhusu anayechukua mbwa akiwa na miaka 70, wala mgonjwa wa moyo wa miaka 45, wala kijana anayeishi peke yake na kupanda pikipiki kila siku. Hao wakifa leo, kuna mbwa nyuma ya mlango uliofungwa.

Sheria za nchi nyingi humhesabu mbwa kuwa mali. Hawezi kurithi nyumba wala kufunguliwa akaunti, na ukiandika "namwachia mbwa wangu pesa hizi" umeandika kitu ambacho mahakama haiwezi kukitekeleza jinsi kilivyo. Yeye ndiye anayerithiwa, kwenye orodha moja na kabati na gari. Usipoacha neno lolote, ataangukia kwa mrithi wa mali iliyobaki, na mrithi huyo atakuwa na haki ya kumfuga, kumgawa, kumuuza au kumpeleka kituo cha wanyama siku hiyohiyo.

Njia za kuzuia hilo ni chache: ahadi ya mtu unayemwamini, wosia, amana yenye mdhamini, kituo cha wanyama, au kumhamisha mbwa wewe ungali hai. Ipo pia njia ya sindano ya kumuua mbwa, ambayo watu huizungumza kwa sauti ya chini, nayo nitaifikia. Zikipimwa hewani zote huonekana nzuri, kwa hiyo nitazipima kwenye nyumba moja ya kubuni.

Mwenye nyumba ni mama mjane wa miaka 71, watoto wake wawili wanaishi mbali. Ana mbwa wawili. Wa kwanza ni jike wa miaka 11 mwenye kisukari, anayechomwa insulini asubuhi na jioni baada ya kula. Wa pili ni dume wa miaka 3, mkubwa, mzima wa afya, anayevuta kamba kiasi cha kumwangusha mtu na asiyeweza kukaa na paka. Kwa kila njia nitauliza maswali matatu. Nani ataufungua mlango siku ya kwanza? Nani atakuwa na haki ya kisheria juu ya mbwa? Nani atalipa, na nani atahakikisha pesa hizo zimefika kwenye bakuli?

Ahadi ya mdomo na wosia

"Usiwe na wasiwasi, mimi nitawachukua." Anayesema hivyo, awe dada, jirani au mpwa, mara nyingi husema kwa moyo wote. Na kwenye swali la kwanza ahadi hii hushinda karatasi zote. Jirani mwenye ufunguo ataingia jioni ileile. Wosia wakati huo umo kwenye droo au kwa wakili, pengine utasomwa baada ya mazishi, na mirathi inaweza kuchukua miezi. Yule jike mwenye kisukari hana miezi. Ana saa 12 tu kati ya sindano na sindano.

Kwenye swali la pili ahadi huporomoka. Ahadi ni deni, sawa, lakini mdai akishazikwa nani atalidai? Tena si lazima mtu awe mwongo ili ashindwe kutimiza. Amehamia nyumba ya kupanga ambayo mwenye nyumba hataki wanyama. Amepata mtoto mchanga. Mwenzi wake ana pumu. Miaka minne imepita tangu muongee jambo hilo jikoni, na mambo yamebadilika bila yeyote kukumbuka kukuambia. Upande wa pili, jirani anaweza kuwa tayari kabisa, kisha watoto wa marehemu wakaja na kusema mbwa ni wa familia, na yeye hana cha kuwaonyesha. Hili huwakuta zaidi wenye mbwa wa ukoo unaouzika kwa bei, maana mbwa mzee mwenye kisukari hagombewi na mtu.

Wosia hutibu sehemu hiyo. Humtaja mlezi kwa jina na kumpa haki ambayo mtoto aliyekasirika hawezi kuiondoa kwa maneno. Kuna mambo mawili ya kuangalia katika uandishi wake. La kwanza, usiwataje mbwa kwa majina yao pekee. Andika "mbwa wowote nitakaokuwa nao siku nitakapofariki," kwa sababu wosia hukaa miaka mingi na mbwa hubadilika. La pili, taja mlezi wa akiba, kwa jina na anwani, atakayechukua nafasi endapo wa kwanza amekufa, amehama au amekataa. Mrithi halazimiki kupokea alichoachiwa, na mbwa ni miongoni mwa vitu ambavyo watu hukataa.

Swali la pesa ndilo linalouonyesha udhaifu wa wosia. Unaweza kumwachia mlezi fungu na kuandika kwamba ni kwa ajili ya matunzo ya mbwa, ila katika nchi nyingi maneno hayo huhesabiwa kuwa ombi. Akishapokea, pesa ni zake na mbwa ni wake, na hakuna atakayemfuata mwaka wa pili kuangalia kama yule jike bado anapata insulini. Kinachosaidia ni kuandika kwamba fungu hilo analipata kwa sharti la kuwapokea mbwa, na kulifanya liwe la kiasi. Chukua gharama halisi ya mwaka mmoja, yaani chakula, chanjo, dawa za minyoo na kupe, na dawa za kudumu. Izidishe kwa miaka ambayo mbwa huyo amebakiza kwa wastani wa aina yake, kisha ongeza akiba ya ugonjwa mmoja mkubwa. Kwa jike wetu hesabu ni ya miaka michache yenye gharama kubwa, kwa dume ni ya miaka mingi yenye gharama ndogo, kwa hiyo ni mafungu mawili tofauti kabisa. Fungu likizidi sana mahitaji, linaanza kuwavuta wasiowataka mbwa.

Kuna pengo jingine linalosahaulika hata na watu waliojiandaa. Wosia husema pale tu mwenyewe anapokufa. Mama wa miaka 71 akipata kiharusi na kulazwa mwezi mzima bila fahamu, wosia wake uko bubu. Hapo inatakiwa hati ya uwakilishi, iliyoandikwa mapema, inayompa mtu ruhusa ya kutoa pesa zake kwa ajili ya mbwa na kumruhusu daktari wa mifugo kutibu. Mimi ningeitafuta hati hiyo kabla ya wosia wenyewe, maana ugonjwa mrefu huwakuta watu wengi kabla ya kifo.

Kwa hiyo ahadi na wosia si vya kuchaguliwa kimoja. Mtu yuleyule aliyeahidi ndiye aandikwe, na kabla ya kuandikwa ajaribiwe. Mpe mbwa wote wawili kwa wiki nzima, pamoja na sindano. Anayekubali kwenye simu na anayekubali baada ya kuvutwa na lile dume kwenye tope la asubuhi hawako sawa, na jibu la huyo wa pili ndilo la kuandika.

Wosia na amana

Kwenye amana unatenga pesa na kuziweka mikononi mwa mdhamini, na mdhamini ndiye anayemlipa mlezi kidogo kidogo kwa miaka yote ya mbwa. Faida kuu ni kwamba kazi imegawanywa kwa watu wawili. Anayelala na mbwa hashiki mfuko, na anayeshika mfuko anaweza kudai risiti, kupiga hodi, hata kumwondoa mlezi na kuweka mwingine. Ikiandikwa hivyo, amana inaweza kuanza kazi siku unapougua, bila kusubiri ufe. Kwa karatasi, hakuna njia inayojibu maswali yote matatu vizuri kama hii.

Tatizo la kwanza ni kwamba haitambuliwi kila mahali kwa namna ileile. Huko Uingereza, kesi maarufu ni ya mwaka 1889, ya bwana aitwaye Dean aliyeacha pauni 750 kwa mwaka, kwa muda wa miaka 50, kwa ajili ya farasi wake na mbwa wake wa kuwinda. Mahakama ilikubali mpango huo, ingawa hakuna mbwa awezaye kwenda kumshtaki mdhamini. Yaani uhalali ulikuwepo, utekelezaji ukategemea uaminifu wa waliokabidhiwa. Marekani waliondoa utata huo kwa kutunga sheria za amana za wanyama jimbo moja baada ya jingine, na la mwisho, Minnesota, lilifanya hivyo mwaka 2016. Kwako, muulize wakili swali moja bila kuzunguka: je, mahakama za hapa zinatambua amana ya mnyama, na nani ana haki ya kufungua kesi mdhamini akila pesa? Akianza kusitasita kwenye sehemu ya pili, amana yako ni ombi lililovaa suti.

Tatizo la pili ni gharama. Wakili, hesabu za kila mwaka, wakati mwingine ada ya mdhamini na kodi. Fungu likiwa dogo, karatasi zitakula zaidi ya mbwa.

La tatu ndilo linalonifanya nisiikimbilie. Amana hufanya watu wafikiri kwamba pesa zitamleta mtu. Leona Helmsley, tajiri wa mahoteli wa New York aliyefariki Agosti 2007, alimtengea mbwa wake mdogo wa aina ya Maltese, Trouble, amana ya dola milioni 12. Kaka yake, aliyetajwa kwenye wosia kuwa mlezi, hakumtaka huyo mbwa. Ikabidi achukuliwe na meneja wa hoteli mojawapo ya familia huko Florida, kwa malipo. Mwaka 2008 jaji alipunguza amana hiyo hadi dola milioni 2. Matumizi ya mwaka yalikadiriwa kuwa dola 190,000 hivi, na zaidi ya nusu yake ilikuwa ya walinzi, kwa sababu habari za urithi zilimletea mbwa vitisho vya kuuawa na kutekwa. Trouble alikufa mwishoni mwa 2010, na pesa zilizobaki zikaenda kwenye mfuko wa misaada wa familia. Nikiisoma habari hiyo, kinachonishangaza zaidi ya dola milioni 12 ni kwamba yaonekana hakuna aliyemuuliza kaka mtu kama anampenda mbwa.

Nani basi anufaike na amana? Mwenye mbwa wengi walio wachanga. Mwenye familia inayogombana, ambapo lazima mtu baki ashike mfuko. Na yule ambaye mlezi bora aliyenaye ni mtu mzuri sana kwa wanyama na hovyo kabisa kwa pesa, na watu wa namna hiyo si wachache. Mama yetu wa mbwa wawili haihitaji. Kwake inatosha toleo jepesi: mbwa anamwachia mpwa, na pesa anaziacha kwa binti anayejua hesabu, kwa maelekezo ya maandishi kwamba binti alipe bili ya daktari moja kwa moja na kumpelekea mpwa gharama za chakula. Kisheria halina meno marefu, lakini macho manne huona zaidi ya mawili.

Mtu na kituo

Wasio na mtu, au waliobaki na watu wasioaminika, hugeukia vituo vya wanyama. Hapa neno "kituo" huficha vitu vitatu vilivyo tofauti sana, na mtu asipotofautisha atashangaa, au tuseme mbwa wake ndiye atakayeshangaa.

Aina ya kwanza hupokea mbwa mwenyewe akifa na kumtafutia nyumba mpya. Dogs Trust ya Uingereza hufanya hivyo kwa mpango wa kadi ya bure: unajiandikisha mapema, unatembea na kadi, na ukifa wao wanamchukua mbwa na kumtafutia watu. Aina ya pili huanza kazi ukiwa hai. Cinnamon Trust, iliyoanzishwa huko huko Uingereza mwaka 1985, ina watu wa kujitolea wanaowatembeza mbwa wa wazee na wagonjwa mahututi, huwatunza mwenyewe akilazwa, na huendelea kuwahudumia maisha yao yote mwenyewe akishafariki, kwa makubaliano yaliyofanywa kabla. Aina ya tatu ni makazi ya kudumu. Chuo Kikuu cha Texas A&M nchini Marekani kilifungua kituo cha namna hiyo mwaka 1993: wanyama waliofiwa huishi humo kama nyumbani, baadhi ya wanafunzi wa udaktari wa mifugo wakilala nao palepale, na mwenye mnyama huacha fungu kubwa la pesa kulipia nafasi.

Kwa dume wetu wa miaka 3, aina ya kwanza inafaa kabisa. Ni kijana, ana afya, atakaa bandani wiki kadhaa, atafundishwa kutembea bila kuvuta, atapata watu wasio na paka. Kwa kweli huenda atapata nyumba bora kuliko kwa mpwa anayempokea kwa kulazimishwa na adabu.

Jike ndiye wa kumwogopea. Waulize wenye kituo maswali haya, na uandike majibu yao. Mnachukua mbwa mwenye ugonjwa wa kudumu? Nani atamchoma sindano siku za sikukuu? Mkishindwa kumpatia nyumba, atakaa wapi? Na mnaposema hamuui mbwa mwenye afya, je, kisukari kwenu ni afya au ugonjwa? Hilo la mwisho usilione aibu. Ahadi ya kutoua mbwa mwenye afya ni nzuri, lakini mbwa wa miaka 11 mwenye kisukari anaweza kuwa nje ya mstari huo bila mtu yeyote kuvunja neno lake.

Jambo jingine ni kwamba kituo hakiwezi kupokea zawadi ya kushtukizia. Kuandika kwenye wosia "mbwa wangu wapelekwe kituo fulani" bila kuzungumza nao ni kuandika matumaini. Nafasi huisha, sera hubadilika, hata vituo vyenyewe hufungwa.

Kama umebahatika kuwa na mtu wa kweli, kituo kiwe akiba ya tatu baada ya mlezi wa kwanza na wa pili. Kama huna, kituo kizuri ulichokitembelea na kukinusa kwa pua yako mwenyewe ni bora kuliko ndugu aliyeguna kabla ya kusema ndiyo.

Kumhamisha ungali hai

Hii ndiyo njia isiyopendwa na wenye mbwa, ingawa kwa mbwa mara nyingi ndiyo laini kuliko zote. Maana yake si lazima umtoe moja kwa moja. Dume anaweza kuanza kulala kwa mpwa kila mwisho wa wiki, kisha wiki moja kila mwezi, akawa na godoro lake kule, bakuli lake kule, na njia ya matembezi anayoijua. Siku bibi akilazwa, kwa mbwa ni kama safari ya kawaida iliyorefuka. Pia ndiyo njia pekee inayokuonyesha kwa macho yako kama mpango unafanya kazi, wakati bado unaweza kuubadili.

Habari ya Hachikō wa Japani husimuliwa kila mara kama hadithi ya uaminifu: bwana wake, profesa Ueno, alifariki ghafla Mei 1925, na mbwa akaendelea kwenda stesheni ya Shibuya mpaka alipokufa Machi 1935. Kinachorukwa ni yaliyompata katikati. Alizungushwa nyumba hadi nyumba, mpaka akaishia kwa aliyekuwa mtunza bustani wa profesa, jirani na stesheni ile. Mtu aliyemfaa alikuwepo tangu mwanzo, tena alimjua. Haikupangwa tu.

Kuna pia mlango ambao wengi hawaubishi: yule aliyekupa mbwa. Wafugaji wengi waangalifu huweka sharti kwenye mkataba wa mauzo kwamba ukishindwa kumtunza, mbwa arudi kwao, umri wowote. Soma mkataba wako kabla ya kuandika wosia, maana inawezekana ulishaahidi. Malkia Elizabeth II alipofariki Septemba 2022, mbwa wake wawili wa aina ya corgi, Muick na Sandy, walikwenda kwa mwanawe Andrew na aliyekuwa mke wa Andrew, Sarah Ferguson. Mbwa hao alikuwa amepewa na upande huohuo wa familia.

Kwa jike mwenye miaka 11 nisingehamisha kitu. Mbwa mzee mgonjwa huishi kwa mazoea: kona yake, saa zake, harufu anazozijua. Mlezi wake ajifunze sindano pale nyumbani, jike akiwa hapohapo alipo.

Sindano

Wapo wanaoandika kwenye wosia kwamba mbwa wao auliwe kwa sindano wakifa, kwa sababu "hakuna atakayempenda kama mimi." Nawaelewa na sikubaliani nao. San Francisco waliwahi kulipigania hili mpaka mahakamani. Mwanamke mmoja alifariki mwaka 1979 akiwa ameagiza mbwa wake Sido auliwe, kwa hofu kwamba angetunzwa vibaya. Shirika la kuwalinda wanyama la mji huo, lililokuwa naye, lilikataa kumtoa. Mwaka 1980 ikapitishwa sheria ya kumwokoa, na mahakama nayo ikasema agizo hilo halifai kutekelezwa. Mara nyingi daktari wa mifugo naye hukataa kuua mbwa mzima kwa sababu tu karatasi imesema.

Kwa mbwa anayeteseka kweli mambo ni mengine. Kwa jike wetu ningeandika hivi: akifika mahali daktari wake na mlezi wakakubaliana kwamba maumivu yamezidi na dawa hazisaidii, mlezi ana ruhusa yangu, asijilaumu. Ruhusa hiyo ni zawadi kwa mlezi. Bila hiyo, wengi humvuta mbwa miezi kwa woga wa kumsaliti marehemu.

Wawili waende pamoja?

Si lazima. Watu hudhani kuwatenganisha ni ukatili, na kwa mbwa wanaolala wamebanana na kugoma kula mmoja asipokuwepo, ni kweli. Wengine huvumiliana tu kama wapangaji. Njia ya kujua ni rahisi: mpeleke mmoja kwa mlezi siku mbili na uangalie aliyebaki anafanya nini. Kama anakula, analala na kucheza, umepata uhuru wa kumtafutia kila mmoja nyumba inayomfaa, na kupata nyumba mbili za mbwa mmoja mmoja ni rahisi kuliko kupata moja ya wawili. Kwa nyumba yetu ningewatenganisha bila kusita. Dume kwa mpwa, jike kwa jirani mstaafu mwenye mkono mtulivu, aliyekwisha kujaribu sindano mbele ya daktari.

Bahasha

Njia yoyote utakayochagua, siku ya kwanza huendeshwa na vitu vidogo. Weka kadi kwenye pochi inayosema nyumbani kuna mbwa wangapi na ni nani wa kupigiwa simu, kwa sababu ukianguka barabarani hakuna atakayejua. Mtu mmoja wa karibu awe na ufunguo. Kwenye rejesta ya chipu inayowekwa chini ya ngozi ya mbwa, ile yenye namba ya tarakimu 15, ongeza jina la mlezi kama mtu wa pili wa kuwasiliana naye, kama rejesta inaruhusu.

Kisha bahasha, ibandikwe ndani ya mlango wa kabati la chakula cha mbwa, mahali ambapo mtu atafika hata bila kutafuta. Ndani yake andika kama unayemwelekeza mtu asiyewahi kufuga. Chakula gani, kiasi gani, saa ngapi. Tarehe za chanjo, hasa ya kichaa cha mbwa. Jina na simu ya daktari. Anaogopa nini, aliwahi kumng'ata nani na kwa sababu gani. Usifiche hili la kung'ata. Mlezi akiligundua mwenyewe, mbwa atarudishwa. Kwa jike, andika dozi kwa herufi kubwa pamoja na aina ya bomba la sindano. Insulini nyingi za wanyama zina yuniti 40 kwa mililita, za binadamu kwa kawaida 100, na kila moja ina mabomba yake. Mtu akivuta insulini ya 100 kwa bomba la 40 akifuata mistari, amempa mbwa dozi mara mbili na nusu, na hiyo inaweza kumuua usiku huohuo. Andika pia kwamba asipokula, asichomwe dozi kamili kabla ya kumpigia daktari.

Mpitie mlezi kila mwaka, siku ya chanjo ni kumbukumbu nzuri, umuulize tena kama bado yupo tayari, na umuulize kwa namna ambayo kusema hapana hakumgharimu urafiki. Na kwenye karatasi ya pesa ongeza mstari mmoja ambao mawakili huukumbuka na sisi husahau: kama mbwa atakufa kabla fungu halijaisha, kinachobaki kiende kwa nani. Mlezi asiwe ndiye atakayefaidika na kifo cha mapema. Mpe asante yake mwanzoni, na salio ulielekeze kwa mtu mwingine au kwa kituo cha wanyama.